Susoli ya nyumba ya mteremkoni, Bukavu: nianze na kazi gani, nimalize na gani?

Mwalimu_Muhumba · 3 Mei

Jambo sana wandugu. Naomba mnisaidie kupanga kazi, maana pesa yangu inakuja kidogo kidogo na sitaki kubomoa kesho kitu nilichojenga leo.

Nyumba ni ya marehemu baba, iko Muhumba, kwenye mteremko. Ukiwa barabarani unaona nyumba ya kawaida. Ukizunguka upande wa ziwa ndipo unaona kwamba chini kuna chumba kizima, sisi tunakiita susoli. Ukuta wa nyuma una urefu wa mita 7, ni wa mawe, umezama wote ndani ya udongo. Kuta za pembeni ni mita 5 kila mmoja, zimezama nusu. Wa mbele uko wazi, una mlango na dirisha moja dogo. Kutoka chini hadi beto (zege) ya juu ni mita 2 na sentimita 35. Miaka yote tuliweka humo makala (makaa) na maharagwe. Maharagwe yakaota ukungu, tukabakiza makala.

Sasa mdogo wangu anakuja kusoma chuo, na mimi nina mashine mbili za kushona ambazo hazina pa kukaa. Nataka vyumba viwili na choo kidogo. Kazi tutafanya wenyewe: mimi, mdogo wangu, na binamu mmoja aliyewahi kumsaidia masoni (mwashi). Nafasi yetu ni likizo, Julai na Agosti.

Nilikuwa nimepanga hivi: kwanza rangi ya kuzuia maji, kwa sababu ukuta wa nyuma unalowa mvua ikizidi na unatoa unga mweupe. Halafu karo (vigae). Halafu umeme. Choo mwisho, pesa ikipatikana. Nusu ya karo nimeshanunua. Mnasemaje?

Masoni_Cimpunda · 3 Mei

Mwalimu, jambo. Mungu amlaze mzee pema. Nyumba za mteremko ndizo zimenilea katika kazi hii, kwa hiyo nitakwambia bila kuficha: karo zako ziweke mahali pakavu na usizifungue mwaka huu. Umetaja kazi zote isipokuwa ile ya kwanza, nayo haiko ndani ya chumba.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapita kwenye udongo na mawe, yanayeyusha chumvi iliyomo, na yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Maana yake ni kwamba ukuta wako unapitisha maji kutoka nyuma. Ukipaka rangi ngumu upande wa ndani, maji ya nyuma yataendelea kusukuma. Rangi itavimba malengelenge, itabanduka na krepi (lipu) yake, na hela yako itakuwa sakafuni. Nimeitwa mara nyingi kukwangua rangi za namna hiyo.

Hesabu ya paa kwanza. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Tuseme paa lenu ni mita mraba 90 na mvua ya mchana mmoja ni milimita 40, ambayo Bukavu si ajabu. Hizo ni lita 3,600, sawa na bidoni 180 za lita 20. Zinaangukia wapi? Kama gutiere (mfereji wa paa) inazimwaga kwenye kona ya nyuma, basi kila mvua unamwagia ukuta wako bidoni 180, halafu unaulaumu kwa kulowa.

Bahati yako ni kwamba tuko Mei. Mvua zikikatika Juni, ukuta utakauka, utaonekana mzima, na utakudanganya. Ikinyesha, toka na mwavuli, zunguka nyumba yote, kisha shuka chini na taa. Andika maji yanatokea wapi, yanaanza baada ya muda gani, yanaacha lini. Yakitokea papo hapo, yanatoka juu, paani au barabarani. Yakichelewa siku nzima na kuendelea baada ya mvua kuisha, yanatembea udongoni. Dawa zake hazifanani.

Kitu kingine: kata plastiki nzito ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa skochi pande zote nne, uiache siku moja na usiku wake. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka nyuma. Yakiwa upande wa chumba tu, ni hewa ya ndani inayogusa ukuta baridi, na hapo unahitaji madirisha kuliko sima (saruji).

Birere_kwetu · 4 Mei

Mimi niko Goma na nasoma uzi huu kwa hamu, ila naomba niseme neno kwa ajili ya wasomaji wa huku kwetu wasije wakaiga. Goma chumba cha chini kina adui mwingine kabla ya maji. Tuna mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mabonde na mashimo, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Huioni. Mbuzi anashuka kula majani anabaki huko, mtu anamfuata naye anabaki. Kuchimba chumba kwenye lava halafu ukalaza mtoto humo bila kupima hewa ni jambo la kuogopa kabisa. Wanasayansi wa Observatware ya volkano ndio wa kuuliza kabla ya chepe, sio baada.

Na kwa Mwalimu: Bukavu si Goma, lakini mbabula (jiko la makala) ni mbabula popote. Mtu asilale kwenye susoli na makala yanawaka, hata baridi ya Julai ikiwaje, wala msiingize grupu (jenereta) humo umeme ukikatika. Gesi yake yenye sumu haina harufu. Dirisha moja dogo halitoshi kwa chumba cha kulala. Kama kuna kutoboa ukuta wa mbele kuongeza dirisha, hilo ni jambo la kuamuliwa mapema, maana vumbi lake na mawe yake huwezi kuyaleta juu ya karo mpya.

Mwalimu_Muhumba · 9 Mei

Aksanti sana Baba Masoni, aksanti ndugu wa Birere. Sikujua habari ya kutazama mvua. Juzi ilinyesha kuanzia saa tisa mchana, nikafanya kama ulivyosema.

Nimeona mambo matatu. Gutiere ya nyuma imeoza mwisho wake, maji yote yanaanguka kwenye kona ya kushoto, na chini yake ukuta ulianza kulia baada ya kama dakika 20. La pili, katikati ya ukuta kulilowa usiku na mpaka leo bado, na hapo plastiki ina matone upande wa ukuta. La tatu linanisumbua moyo: jirani wa juu ana tiyo (bomba) ya maji ya kuogea na kufulia inayomwaga mpakani, na mtaro wake wa udongo unaelekea kwetu. Ni mama mtu mzima, alimfahamu baba. Sijui nianzeje.

Masoni_Cimpunda · 9 Mei

Umeona vizuri kuliko mafundi wengi. Kona ni gutiere. Katikati ni udongo, na udongo huo unanyweshwa pia na maji ya kufulia, ambayo hayana msimu.

Kwa jirani, nenda jioni, usiende na lawama. Mwambie: Mama, nataka kurekebisha chini kwa baba, naomba tuangalie pamoja maji yanakopita. Jitolee kununua tiyo ya mita chache. Nyumba zetu zimepandana, la juu likiharibika la chini halipumziki. Ikigoma ndipo unaomba shefu wa avenue (kiongozi wa mtaa) awepo, lakini iwe ya mwisho. Kazi hiyo haina sima hata kidogo, na ukiiruka zote zinazofuata ni bure.

Yaya_Nguba · 10 Mei

Mdogo wangu Mwalimu, mimi nilikuwa na susoli fupi ya mita 2 kasoro. Tukaamua kuchimba chini ili kuongeza urefu. Vijana wakachimba siku mbili, mpaka wakaona mwisho wa mawe ya ukuta, chini yake udongo mtupu. Siku ya tatu mlango wa juu ukakataa kufunga. Ulitokea ufa kuanzia pembe ya dirisha hadi kwenye dari. Tulirudisha udongo usiku kwa taa, na baadaye nililipa fundi wa kuaminika kutilia beto chini ya ukuta, kipande cha mita 1, kukiacha kikauke, kuruka, kipande kingine. Ilichukua miezi. Naandika hili ili usipite nilipopita.

Masoni_Cimpunda · 10 Mei

Aksanti Yaya kwa kulitoa. Watu wengi wanalificha.

Mwalimu, kabla ya kutoa hata burueti (toroli) moja, chimba kishimo kimoja kidogo karibu na ukuta wa nyuma, upana wa mkono, ujue mawe yanaishia wapi. Usichimbe kufika hapo. Acha udongo wa kutosha chini, hata kama chumba kitabaki kifupi kidogo.

Na tazama nyufa. Nyumba nyingi za zamani hapa zilipitia tetemeko la 3 Februari 2008, lile la ukubwa wa 5.9, na kuna nyufa zilizozibwa kwa krepi tu. Ukiona ufa, paka kiraka chembamba cha plasta juu yake na uandike tarehe. Kikipasuka baada ya wiki kadhaa, ufa unatembea, na hiyo si kazi ya likizo ya familia, ni ya mtu aliyesomea. Kikibaki kizima, endelea.

Naona swali litakuja: kwa nini tusichimbe upande wa nje, nyuma ya ukuta, tukapaka lami na kuweka tiyo? Kwenye kitabu ndiyo dawa ya kwanza. Kwako ni shimo la zaidi ya mita 2, chini ya barabara, kwenye udongo wetu mwekundu unaoteleza. Mtaro wa namna hiyo unafunika watu. Usiwapeleke mdogo wako na binamu yako humo. Kwako maji ya juu tutayazuia juu, na yale machache yatakayopita tutayapokea ndani kwa heshima na kuyaonyesha mlango. Mteremko unakusaidia: mbele pako ni chini kuliko sakafu, kwa hiyo hayahitaji pampu.

Mwalimu_Muhumba · 17 Mei

Kishimo kimechimbwa: mawe yanaishia sentimita 45 chini ya sakafu ya sasa. Ufa mmoja upo, ukuta wa kulia, nimeweka plasta na tarehe. Mama jirani amekubali, tena kwa furaha. Tulikunywa chai akanisimulia jinsi alivyomfahamu baba walipokuwa vijana, na akasema hakujua maji yake yanafika kwetu.

Sasa sielewi hayo ya kupokea maji ndani. Na choo?

Masoni_Cimpunda · 18 Mei

Vizuri sana. Kaa na daftari.

Chini ya ukuta wa nyuma utapitisha mfereji, urefu wote wa mita 7, kisha upinde kona na kufuata ukuta wa pembeni mita 5 hadi nje mbele. Jumla mita 12. Ukishusha sentimita 1 kila mita, mwanzo na mwisho vinatofautiana sentimita 12. Ukitoa sakafu ya zamani na udongo sentimita 20, mfereji wako utaishia sentimita 32. Mawe yanaishia 45. Umebaki salama, lakini ndiyo sababu nilitaka kishimo kabla ya mahesabu. Ndani yake weka tiyo yenye matundu, kokoto safi zilizooshwa, na kitambaa cha kuchuja juu na chini ili udongo usizibe. Pale nje maji yaelekezwe kwenye kanivo (mtaro) ya avenue, yasimwagwe kwa jirani wa chini. Naye ana ukuta wa nyuma.

Choo umekiweka mwisho kwa sababu ya pesa, nakuelewa. Lakini choo ni vitu viwili. Kiti cha choo kinaweza kungoja miaka 2. Tiyo yake haiwezi, kwa sababu inapita chini ya beto. Fose (shimo la maji machafu) yenu iko wapi? Kama iko chini mbele, kiweke choo kwenye kona ya mbele. Tiyo ya maji machafu inataka kushuka sentimita 2 kila mita, kwa hiyo mita 4 ni sentimita 8 tu. Ukikipeleka nyuma utaongeza mita 5, yaani sentimita 10 nyingine, na utaanza tena kupigana na msingi. Tega tiyo, iinue juu ya sakafu, ifunge kwa kifuniko, endelea na maisha.

Baada ya hapo kokoto sentimita 10, plastiki nzito bila tundu, beto sentimita 8. Beto uimwagilie maji na kuifunika siku 7 kamili, usiiache ikaungua na jua la mlangoni. Nguvu yake unaihesabu siku ya 28. Ila kukauka kwa ajili ya karo ni habari nyingine, hiyo ni miezi.

Fundi_umeme_Essence · 18 Mei

Naongeza kifupi. Nyaya zisiwe jambo la mwisho. Chora leo mashine za kushona zitakaa wapi, kitanda wapi, taa wapi. Kabla ya krepi kupakwa mpira wa nyaya uwe umeshapita, na ukutani ule wa nyuma usipitishe kitu hata kimoja: shusha nyaya kutoka juu, kwenye kuta za katikati. Soketi ziwe juu kidogo, hata mita 1, si karibu na sakafu ambayo imewahi kulowa. Kofre (sanduku la fyuzi) ikae ghorofa ya juu. Na usikubali fundi akufungie bila difarensieli (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Ardhi ikiwa na unyevu na mtu hana viatu, hicho ndicho kifaa kinachomwokoa. Wakati wa kazi pia, hiyo taa yako ya sasa yenye waya wazi itolewe siku ya kwanza.

Kamalondo · 21 Mei

Bandugu, salamu toka Lubumbashi. Huku kwetu ardhi ni tambarare, chumba cha chini ni nadra, lakini mchwa tunaujua. Mbao za mlango na za dari zisiguse udongo wala ukuta unaolowa. Tulivyofanya kwetu ni kuweka fremu juu ya kipande cha tofali na kupaka dawa kabla ya kufunga, kwa kuwa sehemu inayojificha ndiyo mchwa unapenda kuanzia. Pia jueni kwamba kalenda ya huyu Baba ni ya Bukavu. Huku mvua zinaanza karibu Novemba hadi Aprili, hivyo anayefuata huku ana muda mrefu zaidi wa kukausha.

Mwalimu_Muhumba · 22 Mei

Baba Masoni, niseme nilivyoelewa, unisahihishe. Juni: gutiere, tiyo ya mama jirani, na kanivo ya sima juu, nyuma ya nyumba. Julai: kutoa sakafu, dirisha la pili mbele, mfereji, tiyo ya choo, kokoto, plastiki, beto. Agosti: ukuta wa katikati na mipira ya nyaya. Halafu krepi, dari, karo, rangi, milango, Septemba iwe imekwisha mdogo wangu ahamie.

Masoni_Cimpunda · 22 Mei

Mpaka Agosti umepatia. Septemba ndipo tunapoachana. Ukuta wa nyuma uache uchi. Mvua zinarudi Septemba, na mpaka zitakapoupiga mara nyingi hujui kama kazi ya nje imefaulu. Ukiufunika mapema, ukiwa na kosa hutaliona mpaka lianze kunuka. Mdogo wako alale juu mpaka Desemba, hata kama ni kubanana.

Ukiridhika, ndipo unajenga ukuta wa pili wa matofali mbele ya ule wa mawe, ukiacha nafasi ya sentimita 8 katikati na matundu ya hewa chini na juu. Usiuegemeze kwenye mawe wala kuangusha sima kwenye hiyo nafasi, maana sima iliyoanguka ni daraja la maji. Krepi ipakwe kwenye huo wa pili. Kisha dari, kisha rangi ya dari, kisha karo, kisha milango. Karo mwishoni kwa sababu hakuna kazi ya juu isiyodondosha kitu chini.

Yaya_Nguba · 23 Mei

Mwalimu, hiyo Desemba usiipunguze. Mimi pia nilikuwa na mtu wa kuhamia.

Mwalimu_Muhumba · 2 Agosti

Nimekaa kimya kwa sababu ya kazi. Beto imemwagwa tarehe 27 Julai, leo ni siku ya 6 ya kuimwagilia. Kutoa udongo kulichukua siku 9, si 4 kama tulivyodhani, kwa sababu kila burueti tuliipandisha barabarani kwa ngazi. Plasta ya ufa haijapasuka. Choo tumekiweka kona ya mbele, tiyo imefungwa kifuniko. Binamu alitaka kupunguza kokoto ziwe sentimita 5 ili tuokoe safari za gari, nikamsomea ulivyoandika, akakubali.

Mwalimu_Muhumba · 19 Oktoba

Wandugu, mvua zimerudi tangu Septemba na nimeshuka kila mara na taa. Kona ya kushoto imekauka kabisa. Katikati bado panalowa, lakini sasa ni doa la ukubwa wa meza, zamani lilikuwa nusu ya ukuta. Ijumaa ilinyesha usiku kucha. Saa kumi alfajiri nilikuta mfereji unatiririka mpaka nje, maji masafi, na sakafu haina hata tone.

Mdogo wangu analala sebuleni na vitabu vyake kwenye katoni. Aliniuliza kama doa la meza linatosha kusema tuendelee. Nilimwambia nitauliza. Baba Masoni?

Masoni_Cimpunda · 19 Oktoba

Pima hilo doa kwa chaki kila Jumamosi, uandike tarehe kando yake. Likipungua au likibaki pale pale hadi mwisho wa Novemba, nunua matofali. Likikua, nipigie picha ya kanivo ya juu kwanza, inawezekana majani yameiziba.